Uzito wa Kitoweo

Siku ya Jumanne, saa saba na robo mchana, samaki watatu wa kukaanga waliinuka kutoka kwenye sinia, wakapita juu ya jagi la maji, wakatulia darini ubavu kwa ubavu. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa fundi cherehani, hakukatiza maneno yake. Alikuwa akimsimulia mdogo wake habari za mteja aliyeleta kitambaa cha mita mbili na kutaka gauni la mita tatu. Na huku akisimulia alichukua fagio la mpini mrefu, akawateremsha samaki mmoja mmoja, akawabana kwa uma, kisha akawapitishia uzi mweusi na kuwafunga kwenye ukingo wa sinia kwa fundo la kishonaji.

"Funga dirisha, mama watoto," alisema mumewe, ambaye alikuwa mvuvi. "Jana mmoja kaishia kwa jirani."

"Nimeambiwa. Kamla, halafu kaja kulalamika kwamba hashibi."

"Samaki wa bure, na bado ana maneno."

Watoto wao wawili walikula kimya, kila mmoja amefungwa kiunoni kwa mshipi wa kitambaa uliozungushwa kwenye mgongo wa kiti. Yule mdogo ndiye aliyekuwa amepungua zaidi. Siku hizi alipelekwa shule akiwa na mawe mawili ndani ya mkoba, na mwalimu alikuwa ameandika barua kuomba mawe hayo yaviringishwe kwenye gazeti, kwa kuwa yalikuwa yakichubua dawati.

Mdogo wake fundi alikuwa mchumi katika Idara ya Uvuvi, na kila Jumanne alikula chakula cha mchana kwa dada yake. Wiki iliyotangulia hakuja, maana alikuwa semina.

"Dada," aliuliza, "hali hii imeanza lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Saa nne hivi. Nimebandika sufuria, mara kifuniko kinainuka. Nikadhani maji yamechemka, nikapunguza moto."

Mchumi aliweka uma chini. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa nne kasoro dakika tano, alikuwa ametia sahihi rasimu ya Jedwali la Mgawo. Aliikumbuka saa hiyo kwa sababu chai ya ofisini huletwa saa nne kamili, naye hakubali kutia sahihi yoyote akiwa na kikombe mkononi.

Aliushika tena uma. Alitafuna. Samaki alikuwa na chumvi ya kutosha na ladha yake yote, lakini kummeza kulikuwa kama kumeza pumzi.

Kazi ya mchumi huyo ilikuwa kuligawa ziwa. Ziwa lilikuwa moja na waliolitegemea walikuwa watatu. Kulikuwa na kiwanda, chenye meli za chuma na vyumba vya barafu. Kulikuwa na hoteli, ambayo wageni wake huvua kwa ndoano ili wapige picha na samaki, kisha wamrudishe majini akiwa hai au karibu na hai. Na kulikuwa na nyavu ndogo: boti sitini na nne za mbao, mojawapo, namba arubaini na moja, ikiwa ya shemeji yake. Kila mmoja wa watatu hawa aliamini kwamba ziwa ni lake na kwamba wenzake ni wezi. Zamani mgawo uliamuliwa kwa kelele. Aliyepaza sauti zaidi kwenye mkutano aliondoka na tani zaidi. Mchumi alizikomesha kelele. Alileta kanuni ambayo hata mtoto angeielewa: chukua tani moja kwa huyu, mpe yule; kama nchi imenufaika zaidi, mwachie; endelea hivyo mpaka pasibaki tani ambayo ingefaa zaidi katika mikono mingine. Kanuni hiyo haikuwa na shangazi wala mjomba, na hicho ndicho alichojivunia.

Haki ya namna hiyo alianza kuipenda katika shule ya bweni, alipokuwa kiranja wa bwalo. Siku za samaki alisimama mbele ya meza na rula ya mbao, akipima vipande, na hakuna mwanafunzi, awe mbabe au mtoto wa mwalimu, aliyemzidi mwenzake kwa upana wa ukucha. Walimpachika jina la Desimali kwa dhihaka. Alilipokea kama cheo, nalo likamfuata mpaka kazini. Shule hiyohiyo ilimfundisha kwamba nafasi tupu kwenye karatasi ya mtihani ni woga, na kwamba mtu mwadilifu huandika kile tu anachoweza kukithibitisha.

Uadilifu ndio uliomponza. Majedwali ya miaka yote iliyotangulia yalikuwa na safu tatu: kiwanda, hoteli na soko la nyavu ndogo. Yeye aliona kwamba kuna samaki wasiotajwa popote, wale ambao wavuvi huwapeleka majumbani kwao. Na kwa kuwa hakuvumilia dhuluma ya kimyakimya, aliongeza safu ya nne, akaipa jina kwa wino wake mwenyewe: Kitoweo cha Nyumbani. Kisha akatafuta takwimu za kuijaza. Hazikuwepo. Mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, kitoweo hutengwa kwenye ndoo kabla mzigo haujapandishwa kwenye mizani, na haijapata kuandikwa hata kilo moja. Mchumi alifikiri kwa robo saa. Hakutaka kubuni namba, na hakutaka kuacha kisanduku kitupu. Akaandika sifuri, kwa nia ya kuirekebisha baadaye.

Miaka yote ambayo safu ya nne haikuwepo, kitoweo kilikuwa na uzito wake wa kawaida.

Jumatano asubuhi alipanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti kwa kuwa haijawahi kumlazimu.

"Samaki wanapaa, Bwana Mkurugenzi," alisema Mchumi. "Wale wa majumbani. Nimeweka sifuri mahali ambapo si sifuri."

"Wanapaa ndani ya mgawo, au nje ya mgawo?"

"Ndani."

"Basi hakuna sheria iliyovunjwa. Kaa." Mkurugenzi aliifungua rasimu na kuitafuta safu ya nne kwa ncha ya kalamu. "Sifuri hii ikibadilika, kinatokea nini?"

Mchumi alimweleza. Katika kila tani inayoingia kwenye nyavu ndogo, theluthi moja, kwa maneno ya wavuvi tu, huliwa majumbani. Theluthi hiyo ikiwa sifuri, tani nzima huhesabiwa kama theluthi mbili, na kanuni huihamishia kiwandani. Ndiyo maana nyavu ndogo, zilizokuwa na mafungu arubaini katika mia, zimebakiwa na kumi na mawili. Boti kumi na tisa zitaendelea kuvua. Zile arubaini na tano nyingine, kuanzia namba ishirini, zitavutwa nchi kavu. Na Jedwali likishatiwa sahihi ya mwisho siku ya Ijumaa, halifunguliwi tena kwa miaka kumi.

"Shemeji yako ni namba ngapi?"

"Arubaini na moja."

"Nimeelewa," alisema Mkurugenzi, pasipo kejeli. "Mimi sikuzuii. Niletee kilo. Kilo zilizopimwa kwenye mizani ya idara, zikaandikwa na mpimaji wa idara, wewe mwenyewe ukiwa umesimama pale. Zikifika mezani kwangu kabla ya Ijumaa saa nne, safu yako nitaijaza kwa mkono wangu."

Yalikuwa masharti ya haki. Mchumi mwenyewe asingeyaweka vizuri zaidi.

Alhamisi asubuhi alikuwa mwaloni kabla ya boti ya kwanza. Mpimaji wa idara alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wavuvi walimwita Mama Mizani. Alikuwa na kiti cha chuma, daftari, na mizani ya kuning'iniza yenye mshale. Kwa miaka ishirini na miwili, kila boti ilipotenga kitoweo, yeye aligeuka akasoma tangazo la maboya lililobandikwa ukutani, mpaka ndoo ifunikwe. Alilijua tangazo lile kwa moyo, pamoja na makosa yake ya chapa.

"Leo usigeuke, mama," Mchumi alimwambia.

"Nitazame ndoo za watu?"

"Uzipime."

"Mwanangu, nikishapima ndoo ya mtu, kesho nitamtazama kwa jicho gani?"

Wavuvi walikuwa wameanza kukusanyika. "Desimali kaja na rula yake," alisema mmoja wao. "Fungueni vinywa, atahesabu na meno."

"Yangu asihangaike, yako sita," alijibu mwingine, nao wakacheka kidogo. Kisha wakanyamaza, kwa sababu habari za boti arubaini na tano walikuwa nazo.

Shemeji yake alishika ndoo yake kwa mikono miwili, juu yake ametandaza kipande cha wavu ili samaki wasitoke. "Shemeji," alisema, "sisi hatupimi wanachokula watoto. Baba yangu hakupima. Nikianza leo kumpimia mwanangu, kesho nitajikuta namuuliza amekula gramu ngapi."

"Msipopima, Jumamosi boti yako itakuwa nchi kavu."

Mvuvi alitazama boti yake, halafu akatazama miguu yake. "Pimeni," alisema, bila kumwangalia mtu.

Mama Mizani alipima kwanza ndoo tupu ya akiba, iliyofanana na ile: gramu mia tisa. Kisha akaining'iniza ndoo ya shemeji, ikiwa na perege watano. Mshale ulionyesha gramu mia tisa. Aliigonga mizani kwa kidole. Alining'iniza jiwe la mizani la kilo mbili, mshale ukaonyesha kilo mbili. Alirudisha ndoo: gramu mia tisa. Shemeji akamtoa samaki mmoja kwenye ndoo, akamweka kwenye kreti la sokoni, na kreti likazidi kwa kilo moja na robo. Akamrudisha kwenye ndoo, na ndoo haikuzidi kitu. Alimhamisha mara nne, kreti, ndoo, kreti, ndoo, kama mtu anayejaribu swichi ya taa.

"Andika, mama," alisema Mchumi.

"Niandike nini?"

"Unachokiona."

Wakati huo dereva wa lori la kiwanda alikuja na malalamiko yake. Makreti ya kiwanda, yaliyozoeleka kuwa na kilo ishirini, tangu Jumatatu ile yalikuwa na ishirini na nne, samaki ni walewale na idadi ni ileile, na springi mbili za lori zilikuwa zimekatika. Mchumi alimuuliza idadi ya makreti, akapiga hesabu kichwani. Alijumlisha kitoweo cha boti zote sitini na nne kama kilivyopaswa kuwa kwa theluthi ile ya wavuvi, akalinganisha na ziada ya kiwanda. Hesabu ilifunga mpaka gramu ya mwisho. Ilimuuma kuona ilivyofunga vizuri.

Mpaka saa sita mchana daftari la Mama Mizani lilikuwa na mistari sitini na nne, na kila mstari ulikuwa na sifuri. Wavuvi hawakugombana naye. Walifunika ndoo zao wakaondoka, nao walimpita Mama Mizani kama watu wanaopita mbele ya mtu aliyewakuta bafuni.

Shemeji alibaki. Aliketi kwenye kreti lililopinduliwa, akamtengea Mchumi nafasi kando yake.

"Andika kilo mbilimbili," alisema kwa sauti ya chini. "Sitini na nne mara mbili. Hata tatu usiandike, mimi si mlafi. Nani atakuuliza?"

"Sijaziona kilo hizo, shemeji."

"Hukuziona leo. Lakini hujawahi kuziona?"

Mchumi aliitazama ndoo iliyofunikwa.

"Dada yako alikuwa anakutumia bati la samaki wakavu bwenini, kila muhula. Mimi ndiye niliyekuwa nalipeleka stendi. Ulikuwa ukilipima?"

"Hapana."

"Ulikuwa unashiba?"

"Nilikuwa nashiba."

"Basi andika hicho."

"Sina kipimo chake," alisema Mchumi. Katika maisha yake hakuwahi kuandika namba ambayo hakuiona, na alijua kwamba siku akiandika moja kwa ajili ya shemeji yake, hatakuwa na sababu ya kumkatalia mwenye kiwanda atakapoleta ya kwake. Aliyasema hayo kwa ukamilifu na kwa mpangilio mzuri. Shemeji yake alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesomewa hati kwa lugha asiyoijua vizuri.

"Sawa," alisema hatimaye, akainuka. "Jumanne usiache kuja kula. Dada yako atakasirika."

Ijumaa, saa nne kasorobo, Mkurugenzi alisoma mistari yote sitini na nne, mmoja baada ya mwingine, akitembeza ncha ya kalamu.

"Utafiti umeithibitisha rasimu," alisema.

"Rasimu ndiyo iliyouondoa uzito, Bwana Mkurugenzi. Tumepima kile tulichokiondoa sisi wenyewe. Uzito umehamia kwenye makreti ya kiwanda. Hesabu hii hapa."

Mkurugenzi aliitazama hesabu hiyo kwa heshima. "Inafunga vizuri. Lakini kilo hizo zimeshaandikwa safu ya kwanza. Siwezi kuziandika mara mbili."

"Basi kisanduku tukiache kitupu."

"Wewe ndiye unaniambia hivyo?"

Mchumi aliona haya. Akajaribu njia ya mwisho. "Tuifute safu ya nne yote. Turudi kwenye safu tatu, kama zamani."

Mkurugenzi aliweka kalamu mezani. Sauti yake ilikuwa ya huruma hasa. "Jumatatu ile tungeweza kuifuta, kwa sababu ilikuwa makisio. Leo ni vipimo sitini na vinne vya mizani ya idara, na wewe ukiwa shahidi. Desimali, unaniomba nifiche takwimu?"

Nje ya mlango zilisikika sahani za vikombe zikipangwa kwenye trei. Mchumi alizisoma tena namba zote. Hapakuwa na hata moja ambayo hakuiona kwa macho yake. Alitafuta ya kuikana, hakuipata.

"Kuna jambo dogo la kupanga majalada," aliongeza Mkurugenzi, akiandika sentensi moja chini ya ukurasa. "Ili kumbukumbu zetu zilingane, Jedwali litahesabiwa kuwa limeanza kutumika tangu mwaka idara ilipoundwa, kabla hujazaliwa."

Mchumi alitia sahihi saa nne kasoro dakika tano. Alipokuwa akifunika kalamu, aliachana na kiti chake. Samaki wote aliowahi kula kwao, tangu alipoachishwa ziwa la mama yake mpaka Jumanne ile, pamoja na mabati kumi na nane ya bwenini, walikuwa wamesahihishwa kuwa sifuri, na mifupa yake ilikuwa imejengwa kwa samaki hao. Aliushika ukingo wa meza ili asifike kwenye feni. Mkurugenzi, ambaye alilelewa kwa nyama, alibaki alipokuwa.

"Bonyeza kengele hiyo iliyo karibu nawe," alisema.

Mtunza ghala alileta mawe ya mizani ya zamani, yale ya shaba, kwa vipimo vya kilo moja, mbili na tano. Walijaza mifuko ya koti, kisha mifuko ya suruali, kisha wakafunga mawili kwenye vifundo vya miguu, mpaka akasimama sakafuni vizuri. Mchumi aliyahesabu, akayaandika kwenye daftari la vifaa na kuyatilia sahihi, kwa kuwa yalikuwa mali ya idara na hayaruhusiwi kulala nje ya ofisi pasipo kibali. Ndipo chai ikaletwa.

Jumamosi boti arubaini na tano zilivutwa nchi kavu. Kazi ilikuwa ngumu, maana waliozivuta walikuwa wakiinuka wao badala ya boti kusogea, na ikabidi kiwanda kiazime trekta. Jumatatu shemeji aliajiriwa kiwandani kubeba makreti. Kazi hiyo ilimfaa kwa namna yake. Kila kreti lilikuwa na kilo ishirini na nne, na lilimshikilia chini kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Jumanne, saa saba na robo, Mchumi alifika kwa dada yake akitembea polepole, mawe yakimlia mifukoni kama kishada cha funguo. Dada yake alikuwa amekaa mezani na pasi ya chuma mapajani. Watoto walikuwa wamefungwa kwenye viti vyao kwa mishipi mipya, iliyoshonwa mara mbili. Chakula kilikuwa vichwa vya samaki, ambavyo kiwanda huwaachia wabebaji bila kuvipima, na vilikuwa vinaelea juu ya sinia, vimeshikwa kwa nyuzi zake nyeusi.

"Karibu, mdogo wangu. Funga mlango nyuma yako."

"Shemeji yuko wapi?"

"Kabaki kazini. Anaogopa kuachia kreti."

Mchumi alinawa, akaketi, akavitazama vichwa vile. Kisha akaanza kutoa mawe mifukoni, moja baada ya jingine, akiyapanga kwenye sinia ili chakula kitulie na watoto wale bila taabu. Alipofungua lile la mwisho mguuni, aliinuka taratibu, akapita juu ya jagi la maji, akatulia darini, kwenye alama za mafuta zilizoachwa na samaki wa wiki zile.

Dada yake alimpandishia sahani kwa mpini wa fagio.

"Chumvi imekolea?" aliuliza kutoka chini.

"Imekolea, dada."

"Mjomba," alisema yule mtoto mdogo, huku akitafuna, "huko juu kuna joto?"

"Kidogo," alijibu Mchumi.

Alikula mpaka akamaliza, na hakushiba. Saa nane kasorobo dada yake alisimama juu ya kiti akiwa na pasi mkono mmoja, akamshika kwa kifundo cha mguu, akamvuta chini. Alimrudishia mawe yake mifukoni, akiyahesabu kwa sauti ili lisibaki hata moja, akamfutia mafuta begani kwa kitambaa, akamfungulia mlango. Saa nane kamili alitakiwa ofisini.